Kifua cha Jumatatu

9 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kitini na si kitandani, na kwamba Jirani bado anakusimamia mpaka umalize sahani. Miguu imepungua kuvimba? Mimi ni mzima, ila nina kisa kidogo cha kukuchekesha.

Wiki iliyopita nilianguka kazini. Usishtuke. Nilikuwa nimesimama kwenye mashine ya kupigia pasi mashuka, ile kubwa ya rola, mara nikaona shuka linarefuka kama barabara, halafu sikuona kitu tena. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelazwa juu ya rundo la taulo za hoteli, wenzangu wamenizunguka, na mmoja anasema, "Msimamizi wetu hata kuzimia anazimia kitajiri, kachagua taulo za wageni!" Nikacheka na kichwa kikiwa bado kinazunguka. Wakanipeleka hospitali nikicheka hivyo hivyo.

Daktari mwenyewe ni binti mdogo, ningeweza kumzaa. Akaniuliza, "Mama, mara ya mwisho ulipumzika lini?" Nikamwambia kwetu hatupumziki, tukipumzika tunaumwa. Akadhani namtania. Nikamweleza kwamba siku ninayokaa nyumbani moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, kifua kinabana kama mtu amekikalia. Nikirudi kwenye mvuke na kelele, kinaachia. Ndiyo maana siku yangu ya mapumziko naenda kufua kwenye nyumba moja hapa mtaani. Usingizi ndio sijui ulihamia wapi. Aliniandikia wiki mbili za kukaa nyumbani. Nilikaa siku mbili, nikaona nitakufa, nikarudi.

Kwanza, siku nisiyofanya kazi hailipwi. La pili unalijua mwenyewe. Mama alikuwa akisema, "Mimi nikikaa naumwa," na haikuwa porojo. Kifua chake kilianza kuharibika baada ya kukaa nyumbani kwa ajili ya kunizaa mimi. Nimelijua hilo tangu nina akili. Kama aliharibu kifua chake kwa ajili yangu, basi na mimi nisimwaibishe kwa uvivu.

Soksi za sufu nimeshazinunua, nitazituma nikipata mtu wa kwenda posta. Nisalimie Jirani. Mwambie asikuonee.

Mpwa wako,
Kishindo


27 Februari

Mpwa wangu Kishindo,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenikuta kitandani, lakini Jirani aliniinua kwa mito ili nisianze kwa kukudanganya. Yeye hajambo, mkali vile vile. Miguu imevimba hadi magotini. Daktari anasema figo zangu zimechoka. Mimi nasema zimegoma, na mimi niliyewahi kulipwa mshahara kwa kuzuia migomo ya watu sina la kuziambia. Muda uliobaki ni mfupi. Nakueleza hivi wazi, kwa barua, kwa sababu simu siku hizi siisikii, na kwa sababu nina jambo ambalo haliwezi kusemwa kwa kupiga kelele.

Nilisoma barua yako nikacheka palipo na taulo. Kisha nikafika kwenye maneno ya mama yako. "Mimi nikikaa naumwa." Niliiweka barua kifuani. Jirani akaniuliza, "Nani kafa?" Nikamwambia, bado.

Maneno hayo si ya mama yako, Kishindo. Ni yangu.

Wewe kiwanda cha nyuzi unakikumbuka kwa nje tu, lile geti la bluu, na feni kubwa za nyuma zilizokuwa zikitema vumbi jeupe juu ya nyumba zenu za mstari. Ndani hukuwahi kuingia. Dada yangu alifanya kazi chumba cha kwanza, wanakofungua marobota na kuchana pamba. Hewa ya humo ilikuwa nyeupe. Mtu aliyesimama upande wa pili ulimwona kama yuko ndani ya maziwa. Mimi nilikaa ofisini, nyuma ya ukuta wa kioo, karani wa ustawi wa wafanyakazi. Waliniita Bwana Tai, kwa sababu nilikuwa nayo moja na niliivaa kila siku. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza malalamiko yao na kuyapoza kabla hayajafika kwa meneja.

Lalamiko kubwa kuliko yote lilikuwa la Jumatatu. Watu walipumzika Jumapili nyumbani kwao, wakarudi wakiwa wazima, na kufikia mchana vifua vinabana, homa inapanda, wanakohoa wakiwa wameshika ukuta. Jumanne nafuu. Jumatano wamesahau. Wakaupa ugonjwa huo jina, Kifua cha Jumatatu. Halafu wakagundua kitu: aliyeingia kazini Jumapili, Jumatatu haikumshika. Basi wakajisemea kwamba ugonjwa umo ndani ya mapumziko yenyewe. Usiwacheke. Mtu yeyote mwenye akili zake, akiona waliyoyaona wao na asiwe na wa kumwambia lingine, angefika hapo hapo.

Na wa kuwaambia alikuwepo. Mwaka ule alitujia daktari mmoja wa kuzunguka viwandani, mtu mfupi, mwenye viatu vilivyochakaa kuliko vya wafagiaji wetu. Aliwapulizisha watu kwenye bomba, akapima pumzi zao, kisha akaja kuketi ofisini kwangu akanieleza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Alisema ni vumbi la pamba. Kifua kikilishwa vumbi kila siku hujikunja, kinazoea, kama pua inavyozoea harufu ya choo. Siku ya mapumziko kinaanza kufunguka. Jumatatu kinapigwa tena kikiwa wazi, ndiyo maana kinauma. "Yale maumivu ni kifua kinachojaribu kupona," aliniambia. "Wa kumwonea huruma ni yule asiyeyasikia tena." Na akasema miaka ikipita kifua hakifunguki hata ukipumzika, kinabaki kimekunjika mpaka mwisho.

Nilipeleka habari hiyo kwa meneja. Alikuwa na oda kubwa ya nyuzi, na watu walikuwa hawataki kuja Jumapili. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na wao wenyewe wanasemaje?"

Nikamweleza wanavyosema.

Akatabasamu. "Sasa sisi ni nani hata tuwabishie?"

Hakuniagiza zaidi ya hapo. Mengine niliyatunga mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa na kipaji cha maneno na nilitaka akione. Jumatatu iliyofuata nilisimama getini na kipaza sauti. "Jamani, mmegundua wenyewe, na ofisi imekubali! Vifua vyetu havitaki kukaa. Anayekaa anaumwa. Njooni Jumapili, mtaondoka na mshahara na afya!"

Fundi mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Na wewe Bwana Tai, Jumapili utakuja?"

Nikamjibu, "Mimi kifua changu kinakula karatasi, hakina njaa ya pamba!"

Walicheka mpaka wakakohoa. Nilikuwa najua kuwachekesha. Jumapili ile walikuja, na mama yako alikuwa miongoni mwao, na alinipungia mkono kupitia kile kioo.

Mwaka haukuisha nikapewa nyumba hii ya kilimani, upande ambao upepo unatokea, si ule unakopeleka vumbi.

Mimi na mama yako tulinyonya ziwa moja. Yeye mkubwa, mimi mdogo. Nafasi ya shule ilikuwa ya mtoto mmoja, naye akaingia kiwandani akiwa msichana ili mimi nivae viatu. Sasa nimepita themanini, na daktari anayenihurumia figo anakisifu kifua changu, anasema ni cha kijana. Mama yako hakufikisha hamsini. Nimewasikia watu maisha yangu yote wakisema kila mtu na mwili wake. Miili yetu ilitoka tumbo moja, Kishindo. Kilichotutenga ni kile kioo.

Kwa hiyo nakuomba uamini mdomo ule ule uliokudanganya. Kukaa hakuui. Hakukumuua mama yako na hakutakuua wewe. Huyo daktari binti amesema kweli. Niulize lolote unalotaka. Nitajibu maadamu mkono unashika kalamu.

Mjomba wako


30 Machi

Mpwa wangu,

Hujambo? Sisi huku hatujambo sana. Soksi zimefika. Jirani alizigeuza ndani nje akitafuta karatasi, hata bahasha akaichana pembe zote. "Labda kaisahau," akaniambia. Nikamwambia Kishindo hasahau.

Ninazo miguuni. Zinapita kwa shida kwa sababu ya uvimbe, lakini joto lake nalisikia.

Jambo moja tu. Vile vyumba viwili vya uani vyenye wapangaji, nimemwita mwenyekiti wa mtaa na nimeviandika kwa jina lako, pamoja na nyumba yenyewe. Kodi yake italetwa kwako. Usidhani ninanunua kitu. Ulisema siku usiyofanya kazi hailipwi. Nimelala hapa nikitafakari sentensi hiyo, nikaona kwamba kukuambia upumzike bila hilo ni sawa na kusimama tena getini na kipaza sauti.

Siombi jibu zuri. Naomba jibu.

Mjomba wako


21 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Salamu ni wajibu, nimeutimiza. Afya yako nimeiulizia kwa Jirani kwa simu, kwa hiyo sina haja ya kukuuliza wewe.

Nimekuandikia mara nyingi nikachana. Nyingine nilizitupa ndani ya pipa la maji ya moto kule kazini, nikaziangalia zikiyeyuka. Hii naituma kwa sababu nimechoka kuchana.

Unajua nilichokuwa nakifanya kila jioni nikiwa mtoto? Mama akiingia, anakaa kwenye kile kigoda cha mlangoni, na mimi natoa pamba kwenye nyusi zake. Moja moja, kwa vidole. Kwenye nywele ilishika sana, na yeye alikuwa ananiambia, "Toa mvi zangu, nisizeeke." Mama yangu alikufa kabla ya kuota mvi, Mjomba, lakini mimi nikimkumbuka namkumbuka na mvi. Kumbe nilikuwa naokota kilichokuwa kinamuua, na wewe ulikuwa unajua. Ulikuwa unakuja Jumapili jioni na tai yako, unakaa palepale, unatuangalia tunacheka, unakunywa chai yake. Ulikuwa unaniambia, "Hodari, usiache hata moja."

Nilirudi kwa yule daktari binti. Nilimweleza yote. Akasema kwamba moyo wangu hauna ugonjwa. Alisema una hofu. Umefundishwa kuogopa kiti. Nikamjibu, ningekuwa na fedha ningeogopa kiti cha ngozi, mimi naogopa cha plastiki. Hakucheka.

Unaniambia nipumzike. Kila anayeniambia hivyo ana mshahara wa mwezi. Hizo kodi zako nimezisikia. Sijui kama nitazigusa. Nyumba ile ilijengwa kwa kifua cha nani?

Na kujua hakujanisaidia, kama ulidhani kutanisaidia. Bado naenda kazini siku zote. Bado nikikaa natetemeka. Tofauti ni kwamba sasa natetemeka na nina wa kumlaumu.

Nina maswali mawili. Ulisema utajibu.

La kwanza. Mama alijua kwamba wewe unajua?

La pili. Siku ya msiba wake ulinishika bega mbele ya watu ukaniambia, "Mama yako alijitoa kwa ajili yako, kifua chake kiliangushwa na uzazi wako." Nilikuwa msichana wa shule. Nimeishi na maneno hayo kuliko nilivyoishi na mama mwenyewe. Sikuzaa kwa sababu ya maneno hayo, kama hukujua. Mwanamume mzuri aliniomba tuwe na mtoto, nikamwambia kwetu uzazi unaua pole pole. Akaondoka. Sasa niambie, na hayo nayo yalikuwa ya getini?

Usinipambie. Niandikie kama unavyomwandikia mtu mzima.

Binti wa dada yako


6 Mei

Kishindo, binti wa dada yangu,

Marahaba, hata kama uliitoa kwa wajibu. Naikubali hivyo hivyo. Hali yangu usiulize. Mwandiko unajieleza wenyewe. Jirani amejitolea kuniandikia, nikakataa. Akasema, "Mzee, huo wosia au gazeti? Ufupishe, ulale." Nikamwambia nina maswali mawili ya kujibu na nimeyakimbia miaka mingi, aniache.

Naanza na la pili, kwa sababu bila hilo la kwanza halieleweki.

Ulipozaliwa, mama yako alitoka damu nyingi, akapelekwa kijijini kwa bibi yako akae hadi apate nguvu. Alikaa karibu miezi mitatu. Kule hakuna feni wala vumbi. Aliporudi mjini, siku ya kwanza kabisa, alikubeba mgongoni akaja hapa kilimani kunionyesha mtoto.

Lazima ujue kilima chenyewe alikuwa anakipandaje kabla ya hapo. Kulikuwa na jiwe katikati ya njia, na kila alipokuja kwangu alikaa juu ya jiwe hilo akihema, mpaka watoto wa jirani wakaliita kiti cha shangazi. Siku ile nilikuwa dirishani. Nilimwona anapita jiwe bila kulitazama. Kabla hajafika mlangoni nikasikia mluzi.

Hukujua kwamba mama yako alikuwa anapiga mluzi. Hukuwahi kuusikia ukiwa na akili zako. Tulipokuwa wadogo hakuna mvulana aliyemshinda. Mama yetu alimkanya, akasema msichana hapigi mluzi, naye akawa anaenda kupigia nyuma ya zizi, mbuzi ndio wanamsikiliza. Kiwandani pumzi ikakata, akaacha, na mimi nikasahau kwamba aliwahi kuwa nao. Siku ile alikuja akipiga mluzi kukubembeleza, na wewe mgongoni unapiga kelele kumshinda. Hapo ndipo nilipokupa jina la Kishindo.

Akasimama mlangoni, hahemi. Akasema, "Kaka! Nimepanda kilima chako bila kukaa! Huyu mtoto kaniletea pumzi zangu!"

Aliniita kaka ingawa yeye ndiye mkubwa, tangu nilipopata ile kazi ya ofisini.

Hayo ndiyo maneno yake, Kishindo. Hakusema umemharibu. Alisema umemletea pumzi zake.

Kisha akakaa, akakunyonyesha, akaniambia jambo alilokuja nalo. Amefikiri huko kijijini. Ameona kwamba mbali na kiwanda kifua kinafunguka. Anataka kuacha kazi. Akaniuliza, "Wewe umesoma. Hivi si lile vumbi?"

Alikuwa amelipata mwenyewe, bila bomba wala daktari. Nilikuwa na neno moja la kusema, nalo ni "ndiyo".

Niliona mambo mawili kwa mara moja. Niliona kwamba akiacha kazi na akiwaambia wenzake sababu, na wakajua ni dada wa Bwana Tai anayesema, geti lote litamsikia. Na niliona nyumba hii, ambayo nilikuwa sijatimiza mwaka ndani yake. Nikamwambia, "Dada, hizo ni nguvu za uzazi, ni za muda tu. Uzazi umekulegeza ndani. Ukirudi kazini utaumwa mwanzoni, usiogope, ni mwili unajikaza upya."

Alirudi kazini Jumatatu. Nilikuwa najua Jumatatu hiyo itakuwaje, kwa kuwa kifua chake kilikuwa wazi kuliko cha mtu yeyote mle ndani. Wakamtoa nje amebebwa. Jioni nilikwenda kumwona. Akanishika mkono, midomo imebadilika rangi, akaniambia, "Kweli ulisema. Uzazi umeniharibu." Na alikuwa ananishukuru.

Tangu siku hiyo akawa haachi Jumapili hata moja. Mengine unayajua wewe.

Basi kile nilichokuambia msibani kilikuwa cha getini, ndiyo. Nilikirudia kwa sababu nilikuwa nimekisema mara nyingi hata kikawa kinatoka chenyewe. Kuhusu yule mwanamume na mtoto ambaye hukumzaa, sikujua. Nimesoma mstari huo mara nyingi.

Swali lako la kwanza. Kama mama yako alijua kwamba mimi najua.

Siku zake za mwisho hakuweza kulala chali, alikuwa ameketi kitandani ameegemea gunia lililojazwa nguo. Ulikuwa umetumwa maji. Akaniangalia sana, akasema, pole pole, akivuta pumzi kati ya neno na neno, "Ziwa moja. Kwa nini mimi, na si wewe?"

Nikamwambia, "Kila mtu na siku yake, dada."

Akaendelea kuniangalia. Kisha akanyoosha mkono akanirekebisha tai, kama alivyokuwa akinifunga kola nilipokuwa nakwenda shule. Wewe ukaingia na ndoo.

Sijui kama alijua. Nimejiuliza tangu siku ile. Ningeweza kukuandikia kwamba hakujua, ukapata amani kidogo. Au kwamba alijua na akanisamehe, nikaipata mimi. Uliniambia nisipambe. Nilichokiona ni huo mkono kwenye tai, basi. Utajua wewe, uliyekuwa unamjua usoni kwa vidole vyako.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba kitu kingine, na usikifanye kwa ajili yangu. Kaa nyumbani Jumatatu moja. Si Jumapili, Jumatatu. Moyo utakimbia. Mikono itatetemeka. Iache itetemeke, kama yule daktari wa viatu vibovu alivyosema, ndivyo kifua kinavyouma kinapofunguka. Kisha uone kama utakufa.

Soksi sijazivua.

Mjomba wako


26 Mei, Jumatatu

Mjomba,

Shikamoo. Nimeliandika hivyo hivyo, ingawa najua leo hakuna wa kuitikia.

Habari yako ilifika kabla ya barua yako. Jirani alinipigia Alhamisi, nikiwa katikati ya zamu, akasema umeondoka alfajiri, kimya, na kwamba amekuacha na soksi zako. Niliomba ruhusa ya kuja kukuzika. Wakaniambia ruhusa ya msiba ni ya baba, mama au mtoto, mjomba hayumo. Nilipopata wa kunishikia zamu ulikuwa umeshazikwa. Jumamosi narudi nyumbani nakuta bahasha mlangoni, yenye mwandiko wako uliopinda. Niliikalia. Kweli, niliiweka juu ya kiti nikaikalia, mpaka jana jioni.

Nimesoma.

Jirani ananiambia kila aliposikia pikipiki ya posta ulikuwa unamwuliza, "Kishindo?" Nakuambia wazi kwamba sikuchelewa kwa makusudi safari hii. Ulinichelewesha wewe, barua yako imenifikia umeshaondoka.

Leo asubuhi nimempigia msimamizi mkuu nikasema siji. Akauliza, "Unaumwa?" Nikasema hapana. Akauliza, "Una msiba?" Nikasema mnasema huo hauhesabiki. Akakosa swali la tatu. Kodi ya vyumba vya uani nimeipokea, Mjomba. Nimeichukua. Nimeona ni ya mama.

Nimeweka kigoda mlangoni. Si kile cha zamani, ni cha plastiki. Saa ya kuingia zamu ilipofika moyo ukaanza. Mikono ikatetemeka mpaka chai ikamwagika mapajani. Kifua kikanikaba, nikasema ndiyo hii, nakufa, na mjomba wangu amenidanganya mara ya mwisho. Nikasimama ili nivae viatu. Kisha nikamwona mama anapita lile jiwe bila kulitazama. Nikaketi tena.

Imenichukua asubuhi nzima. Sikufa.

Kuhusu ule mkono kwenye tai, umeniachia mimi niseme. Nimekaa nao leo. Mama alikuwa hagusi kitu asichokiona vizuri. Pamba akiiona kwenye shati la mtu anaitoa. Nadhani aliona, Mjomba. Nadhani alikuwa anakuangalia jinsi nilivyokuwa namwangalia yeye, anatafuta pa kuanzia kutoa, na pumzi hazikumtosha.

Sijakusamehe. Sitaki uende na uongo, umebeba wa kutosha. Lakini nimekaa, na nimeipata ile siku aliyosema nimemletea pumzi zake, na siku hiyo umenipa wewe, sina mwingine aliyekuwa nayo.

Mchana huu nimejaribu kupiga mluzi. Sijui nimeanza wapi, nimekunja midomo tu kama nilivyoona watu wanafanya. Umetoka upepo mtupu. Mpangaji mwenzangu akachungulia akaniuliza kama ninapoza chai.

Nikamwambia nimeshaipoza. Nikajaribu tena.

Mpwa wako,
Kishindo